Pikipiki Ikagoma, Saa Nane Haingoji

Kiki ya kumi na nne ilitoa sauti ya mtu anayetema kokwa, kisha pikipiki ikanyamaza. Kiguu naye akanyamaza, akaitazama kama unavyomtazama mtoto uliyemwita mara tatu na hajaitika.

Hakuwa akiipiga kwa mguu unaotakiwa. Kiki iko upande wa kulia, na mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika pajani miezi saba nyuma. Mfupa uliunga, nguvu haikurudi. Kwa hiyo alisimama chini, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye ukuta wa banda, akawa anapiga kwa mguu wa kushoto, kama mtu anayemkanyaga nyoka bila kuwa na hakika kama amekufa.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Saa nane mchana lori lingefika mlimani kumchukua kaka yake.

Mtaa mzima ulimwita Kiguu, kwa kukata maneno, maana jina zima, Kiguu na Njia, ni refu kulitamka kila siku. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa bomba la maji, lile linaloshuka kutoka chanzo cha mlimani mpaka mjini. Alipanda na kushuka na pikipiki hii ndefu, nyembamba, yenye matairi ya meno, iliyoundwa kwa njia ambazo si njia, akilifuata bomba jiwe kwa jiwe na kutega sikio mahali linapovuja. Alipostaafu wakamwachia pikipiki kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Akaendelea kupanda kila wiki, bila mshahara wala sababu. Akikaa nyumbani siku mbili mfululizo, miguu yake ilianza kumwasha.

Kaka yake mkubwa alikuwa mlinzi wa chanzo chenyewe. Alipelekwa huko kijana, akapewa nyumba ya mawe ya vyumba viwili, na hakuondoka tena. Marehemu mama yao alizoea kusema kwamba Mungu alipowaumba wale wawili, mmoja alimtengenezea nyayo akasahau makalio, na mwingine kinyume chake.

Sasa, mambo yaliharibika hivi. Miezi minane nyuma Kiguu alikuwa amekaa mlangoni kwa kaka yake, na kaka, ambaye macho yake yalishaanza kuingia ukungu, akamwambia kwa upole kwamba umri umekwenda, chuma hicho akiuze kabla hakijamuua. Kiguu hakupenda kuambiwa hivyo. Ulimi wake ukamtangulia. Akasema bora yeye atakayefia njiani, kuliko mtu aliyekufa siku nyingi na hajui. Akasema, wewe ni jiwe la mtoni, maji yanapita, wewe unaota ukoga.  Kaka aliinuka, akajaza chupa ya maji kama alivyomjazia kila safari, akampa. Kiguu akaiacha juu ya jiwe, akawasha pikipiki, akashuka.

Wiki tatu baadaye, akipanda na hilo neno limemkwama kooni, alianguka kwenye kona ya tatu.

Tangu hapo hakuonana na kaka yake. Simu hazishiki kule. Mama muuza asali, ambaye hushuka kwa miguu mara moja kwa wiki, alikuwa akileta salamu na kupeleka salamu, lakini neno kama lile huliweki kwenye kikapu cha mtu katikati ya chupa za asali. Juzi ndiye aliyeleta habari: watoto wa mzee wanakuja kumchukua, kwa barabara ya upande wa pili, wakamkalishe kwao mbali, maana haoni tena hata kidole chake. Keshokutwa, saa nane. Akalisema hilo mbele ya familia nzima, akauza chupa mbili, akaenda.

  Tangu hapo kila mtu alimwona Kiguu anavyoutazama mlango wa banda.

Basi ndiyo leo.

Kila mtu ana dua yake ya asubuhi, na ya Kiguu ilikuwa maneno matatu: mafuta, moto, pumzi. Mashine ikigoma, moja kati ya hayo limekosekana. Hakuna la nne. Aliwahi kuwafundisha hivyo wakaguzi wawili waliomrithi, na wote wawili waliacha kazi kabla mvua haijaisha.

Akaanza na mafuta. Alilitikisa tangi, akasikia chubwi, chubwi, limejaa zaidi ya nusu. Koki ilikuwa wazi. Akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, akakinga kiganja, kioevu kikatiririka. Hapo ndipo alipokunja uso. Petroli ikikugusa mkono unasikia baridi yake inavyoruka, na pua inajua kabla ya jicho. Hii ilikuwa baridi ya uvivu, na haikunuka. Akaonja kwa ncha ya ulimi.

Maji.

Kwanza alidhani ni mvua, imeingia kwenye kifuniko. Lakini banda halivuji, na mvua haijazi tangi kwa kipimo. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafikiri. Nani katika nyumba hii anajua kwamba yeye hafungui tangi, bali hulitikisa na kusikiliza? Ni mtu aliyemsikia akilitikisa asubuhi kwa asubuhi kwa miaka thelathini na kitu, kutoka dirisha la jikoni.

Mkewe alikuwa jikoni, anafuta meza ambayo ilikuwa safi. Kiguu akaingia akichechemea, akamwonyesha kiganja chenye maji. Mke akakitazama kiganja, akaendelea kufuta.

"Yaani mama watoto," akasema Kiguu, "umeipa pikipiki maji kama ng'ombe?"

"Ilikuwa na kiu."

"Na petroli yangu iko wapi?"

Mke akakiweka kitambaa chini. Hakuwa mwanamke wa makelele. Wakati Kiguu amelazwa chali, na uzito wote wa mwili wake ule wa mifupa mirefu, yeye ndiye aliyekuwa akimwinua, mabega yake chini ya kwapa la mume, hatua kwa hatua, na siku moja walianguka wote wawili sakafuni wakacheka mpaka wakalia.

"Miezi mitatu nilikubeba mimi kwenda bafuni," akasema. "Sikulalamika. Lakini nina miaka sitini na moja. Ukianguka tena, nikubebe na nini?"

 Kiguu akaegemea mlango. Mwishowe akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: lile neno la jiwe na ukoga, na chupa aliyoiacha. Alilisema haraka, akitazama nje, kama mtu anayemwaga kitu kichafu. Mke alijua waliteta. Hakujua waliteta nini. Alikiokota kitambaa, akakikunja mara mbili.

Kisha akasema petroli iko kwenye dumu, uvunguni mwa kitanda chao.

"Uvunguni? Ina maana siku mbili nimelala juu ya bomu?"

"Nilijua hapo hutatafuta. Kitanda hukipendi."

Hivyo ndivyo mafuta yalivyopatikana. Kiguu akamwaga maji yote, akakausha tangi kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, akapuliza mirija kwa mdomo mpaka ladha ya petroli ikamkaa kwenye meno, akajaza. Saa tatu ilikuwa imeshapita. Akapiga kiki kumi nyingine. Pikipiki haikutema hata ile kokwa.

Akaenda kwenye moto.

Akaifungua plagi, akaifuta, akaichomeka kwenye kofia ya waya wake, akailaza juu ya silinda chuma kwa chuma, akaisukuma kiki chini kwa mikono miwili. Ikiwa na plagi nje, injini haina ubishi. Alikitazama kijidomo cha plagi akisubiri cheche ya bluu. Hakuna. Akajitia kivuli kwa shati. Hakuna. Akabadili plagi kwa ile ya akiba anayoiweka kwenye soksi ya zamani. Giza lile lile.

Swichi ya kuzimia ilikuwa mahali pake. Koili haikuwa na ufa. Akaanza kuufuata waya kutoka kwenye usukani, kidole kikitembea, kama alivyolifuata bomba maisha yake yote, chini ya tangi, chini ya kiti. Na pale chini ya kiti, mahali ambapo hakuna fundi wa mtaani angepoteza muda wake, akakuta waya mdogo mweusi ambao haukuwepo mwaka jana. Ulitoka kwenye waya wa koili ukaenda kujifunga kwenye fremu ya chuma ya pikipiki, ukiumeza moto wote kabla haujafika kwenye plagi. Umezungushiwa utepe mweusi, safi, safu juu ya safu, na ncha ya utepe imekunjwa kidogo ndani ili siku ya kuufungua isimpe mtu shida.

Duniani kuna watu wachache wanaokunja ncha ya utepe. Kiguu alimjua mmoja, na alikuwa anaishi vyumba vya nyuma, na bintiye Kiguu.

Mkwewe alikuwa fundi umeme, mtu mpole, mwenye kucha safi kuliko za daktari. Tangu aoe, mwaka wa sita huu, hakuwahi kumkatalia baba mkwe kitu chochote. Akiambiwa kaa, anakaa. Akiambiwa kula, anakula hata kama ametoka kula. Kumwambia baba mkwe "hapana" usoni kulikuwa jambo ambalo mdomo wake haukuumbwa kulifanya. Mikono yake, kumbe, ilikuwa na uhuru zaidi.

Alipoitwa alikuja na viatu vimefungwa vizuri, akaamkia, akasimama mlangoni mwa banda mikono nyuma.

"Hii kazi ya nani?" Kiguu akauliza, akishika ule waya kwa vidole viwili.

Mkwe akautazama kwa makini, kama vile angeweza kuwa wa mtu mwingine. "Ni yangu, baba."

"Kwa nini hukuniambia tu nisiende?"

"Ningekuambiaje, baba?"

Na kweli, angemwambiaje. Kiguu alitaka kukasirika, lakini hasira ikakosa mahali pa kusimama, hasa mke alipotokea nyuma ya mkwe na sinia la chai, akausikia mkasa, akasema kumbe mkwe wangu tulikuwa chama kimoja, mbona hukuniambia nikupunguzie kazi? Mkwe akaona haya mpaka masikio. Hawakuwa wamepanga pamoja. Kila mmoja aliingia bandani kwa saa yake, kwa kunyata, akafanya anachokijua, akatoka akiamini ameokoa maisha ya mtu.

Kiguu akamweleza naye habari ya kaka, kwa maneno machache kuliko ya kwanza. Mara ya pili neno linapungua uzito.  Mkwe alipiga magoti pale pale kwenye vumbi na suruali yake ya pasi, akaifungua ile kazi yake, ncha ya utepe ikafunguka kwa ukucha mmoja. Akasafisha viungo vingine vitatu ambavyo havikuwa kosa lake. Wakajaribu plagi tena. Tiki. Bluu, nene, kama jicho la paka.

Saa nne na robo.

Mafuta yapo, moto upo. Mkwe sasa ndiye aliyepiga kiki, kwa nguvu za mtu anayelipa dhambi. Pikipiki ikakohoa. Ikapumua mara mbili, mbili kamili, mioyo yao yote ikaruka. Kisha ikazama. Plagi ilipotolewa ilikuwa imelowa chepechepe.

Pumzi, basi. Inakunywa lakini haivuti hewa. Kiguu alikuwa anatembea sasa, huku na huku, mlangoni na kurudi, mguu mbovu ukichora mstari mavumbini. Kutoka hapa mpaka juu ni saa moja na nusu kwa mtu anayeijua njia, na akiwa na afya. Waendesha pikipiki za abiria alishawauliza jana, wanne. Wote walicheka, wakasema pale mwisho wao ni kona ya kwanza, baada ya hapo ni shauri la mbuzi. Akaisikia saa nane ikija kama mtu unayemsikia akipanda ngazi.

Akavua ubavu wa plastiki, akafungua sanduku la chujio la hewa, akaingiza mkono. Mkono ukakutana na kitu laini.

Akavuta. Vikatoka vipande vya kitambaa. Chekundu, cha maua, cha bluu ya sare za shule, na nyuzi, nyuzi nyingi za kila rangi, vimeshindiliwa mpaka hewa haina pa kupita. Kiguu alisimama na lile furushi mkononi, na safari hii hasira ilipata mahali pa kusimama.

Bintiye alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikuwa kwenye chumba cha mbele, na tangu alfajiri ilikuwa inakwenda bila kupumzika. Kiguu hakumwita. Alikwenda mwenyewe, akafungua mlango bila kubisha, akalitupa furushi juu ya meza, katikati ya gauni la mteja. Akamwambia mengi. Kwamba mama yake sawa, mkwe sawa, lakini yeye, damu yake, aliyekaa juu ya tangi la pikipiki hii kabla hajajua kusoma, akilifuata bomba kwa jicho mpaka kwa baba yake mkubwa! Kwamba alidhani angalau ana mtu mmoja katika nyumba hii. Kwamba amejaziwa maji, amekatiwa moto, na sasa mwanawe ameamua kumziba pumzi.

Cherehani ilisimama. Binti alikuwa na pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Akachukua kipande kimoja, akakinyoosha kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, mimi nikikata kitambaa nakata kwa mkasi," akasema. "Sikati kwa meno."

Kiguu akatazama. Kingo zote zilikuwa zimetafunwa, vipembe vidogo vidogo. Binti akalifungua furushi taratibu kwa ncha ya mkasi, na katikati yake, juu ya godoro la nyuzi, wakawepo watoto wanne wa panya, wekundu, hawana hata manyoya, wanapapasa hewa.

 Kiguu alitamani sakafu ifunguke. Amefunga safari ya kurudisha neno moja, na kabla hata hajatoka nje ya geti ameshapakia la pili.

"Mwanangu," akaanza.

"Vitambaa vinaniishia hapa wiki ya tatu," binti akasema, kana kwamba hakumsikia. "Nilidhani ni watoto wa jirani." Akaufunika ule mzigo mdogo kwa kipande cha kanga kuukuu, akauweka kwenye boksi. Kisha akainua macho. "Unajua kwa nini nashona tangu alfajiri? Nataka nimalize gauni la watu ili nikupeleke. Nilijua huwezi kupanda peke yako. Nikawa nangoja uniombe."

Alikuwa akiendesha pikipiki tangu ana miaka kumi na sita; nguo za wateja alizipeleka mwenyewe, na ile ya mlimani alishaipanda kwa siri zaidi ya mara moja baba akiwa amelala mchana. Kiguu alijua. Petroli hupungua, na baba si mjinga. Kilichomshinda si kujua, ni kuomba. Mtu aliyezoea kwenda, kumwomba mtu ampeleke ni kama kumwomba amtafunie.

"Nipeleke," akasema. Neno lilikuwa fupi kuliko alivyolidhania.

Binti akavaa suruali ya mumewe na viatu vya mvua. Chujio lenyewe panya walikuwa wameshalila nusu, kwa hiyo akakata jingine kutoka kwenye sponji la mabega ya makoti, akalipaka oili kidogo, akalipachika. Lilikaa kama limezaliwa hapo. Mkwe akapiga kiki. Ya kwanza, kikohozi. Ya pili, moshi mweusi. Ya tatu ikawaka, ikanguruma mpaka kuku wakaruka ukuta, na mama mtu akaziba masikio na kutabasamu kwa wakati mmoja, jambo ambalo si rahisi.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Sasa kiti. Pikipiki za aina hii zimekwenda juu, kiti kiko usawa wa kiuno, na paja la Kiguu lilikataa katakata kupanda. Wakaleta ndoo, ikapasuka. Mwishowe mke akamweka bega chini ya kwapa, lile lile bega, akahesabu moja, mbili, akamwinua mpaka juu. Kisha akamfunga kwa kanga kwenye mgongo wa binti yake, mafundo mawili, kama mtoto. Kiguu akasema watu watacheka. Mke akasema wacheke, mradi mrudi.

Kuhusu njia sina mengi. Waliipanda kwa kutambaa. Mara mbili Kiguu alifungua mdomo kumwambia binti ashushe gia, na mara mbili gia ikawa imeshashushwa. Kwenye kona ya tatu alifumba macho. Alipoyafumbua walikuwa wameshaipita, na bomba lilikuwa kando yao likitiririsha kwa sauti anayoijua. Tatizo lilikuwa moja: kila binti alipolegeza mkono wa mafuta, injini ilitaka kufa. Sponji la makoti halikuwa chujio la kiwandani, na hewa ilipita kwa shida. Kwa hiyo walikubaliana, kwa kupiga kelele, kwamba wakifika hawazimi. Wakizima hapa juu, nani atapiga kiki?

Walifika saa nane kasorobo. Lori lilikuwa limefika mapema, na lilikuwa limeshapakiwa: godoro, sanduku la bati, viti viwili. Wanaume wawili, watoto wa kaka, walikuwa wanafunga kamba. Kaka mwenyewe alikuwa amesimama mbali kidogo na lori, fimbo mkononi, uso umeelekea njia ya chini, njia ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiitazama.

Wanawe walisimulia baadaye kwamba walitaka kuondoka saa saba, akawakatalia. Alikuwa ameisikia pikipiki tangu kona ya kwanza. Akawaambia subirini, huyo ni mdogo wangu, lakini anaendesha vizuri kuliko kawaida yake, sijui amekula nini.

Binti akasimamisha, mguu mmoja chini, mkono ukichezea mafuta ili injini isife. Kiguu, amefungwa kwa kanga, hakuweza hata kushuka. Kaka akaja kwa fimbo mpaka akagusa tairi.

"Zimeni hilo dude!"

"Haliwaki tena tukizima!"

"Nini?"

"Nasema haliwaki! Kaka, nimekuja kwa lile neno!"

"Meno?"

"Neno! Lile nililokuambia! La jiwe!"

Kaka akaweka mkono nyuma ya sikio. Injini ilikuwa inapiga kelele, binti anaipandisha na kuishusha, na Kiguu, aliyekuwa amelipanga neno lake miezi minane, kwa sauti ya chini, kwa heshima, ikambidi alitoe kama anavyoitwa mtu ng'ambo ya mto. Akavuta pumzi yote iliyokuwemo kifuani. Na ndipo injini, bila kuaga, ikazima.

"NILIKUKOSEA, KAKA! MIMI NDIYE MPUMBAVU!"

Mlima wote ulisikia. Wale waliokuwa wakifunga kamba wakaziacha. Maji ya chanzo yakawa yanasikika tena, kidogo kidogo, chini ya mawe.

Kaka alisimama na fimbo yake. Mabega yakaanza kutikisika, na Kiguu akadhani analia, mpaka alipomsikia.

"Sasa si ungesema taratibu," kaka akasema, akicheka bila sauti. "Mimi macho ndiyo hayaoni, masikio mazima."

Kisha akasogea, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mdogo wake. Akamwambia kitu ambacho Kiguu hakukitegemea. Kwamba lile neno asilirudishe. Kwamba alilala nalo, akaamka nalo, na akaona ni kweli: amekaa hapa miaka arobaini na mbili akidhani analinda maji, kumbe maji hayahitaji mlinzi asiyeona. Watoto walishamwomba mara nyingi, alikuwa akikataa. Neno la mdogo wake ndilo lililomng'oa.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayekufukuza," Kiguu akasema.

"Wewe ndiye unayenipeleka. Nilitaka ujue. Ningeondoka bila kukuambia, ingeniuma."

Kiguu hakujua aweke wapi hilo. Alikuja kuchukua kitu chake na kurudi nacho nyumbani. Akakuta kimeshatumika, kimefanya kazi ambayo hakukituma. Akaushika tu ule mkono. Ulikuwa mzito na wa baridi, na alitaka kuukataza usiende, lakini angemkatazaje mtu safari, yeye, miongoni mwa watu wote?

Dereva wa lori akapiga honi kidogo, kwa adabu. Barabara ya upande ule si ya kupita jioni.

Ikabaki pikipiki. Binti alishajaribu kiki mara tano, na baba amefungwa mgongoni, haiwezekani. Njia ilikuwa inateremka tangu pale. Akasema wasukumwe, aitie gia ya pili, aachie klachi katikati ya mteremko. Wale wanaume wawili wakaja, lakini kaka akawazuia kwa fimbo. Akaitupa fimbo, akapapasa nyuma ya kiti, akapata mgongo wa mdogo wake, akaweka viganja vyote viwili hapo.

"Njia imenyooka?" akauliza.

"Imenyooka, baba mkubwa," binti akasema.

Akasukuma. Wanawe wakasukuma pembeni yake. Matairi yakaanza kuviringika, pole pole, kisha si pole pole; Kiguu alisikia nyayo za kaka yake zikipiga nyuma yake, hatua, hatua, zikikimbia, nyayo ambazo maisha yake yote hajawahi kuzisikia zikikimbia. Binti akaachia klachi. Pikipiki ikarushwa mbele, ikakohoa, ikawaka.

Viganja vikatoka mgongoni.

"Usisimame!" Kiguu akamwambia binti, maana wakisimama itazima. Hakuweza kugeuka, kanga ilimbana. Akainua mkono mmoja juu, akaupunga, akijua hakuna anayeuona, na akaendelea kuupunga mpaka kona ilipowameza.

Nyuma yao, juu ya ngurumo, alisikia lori nalo likiwashwa. Liliitika mara ya kwanza tu.